Jengo la Nguzo Nne, Zamani na Sasa

Watu wakiona picha za kale za Kisumu huanza kulia machozi ya bure. "Tazameni mji ulivyokuwa safi," wanaandika mtandaoni. "Tazameni amani." Mimi hukasirika upesi, na maneno hayo nikiyasoma hupandwa na mori. Ninapoweka picha ya kale kando ya picha ya leo, jengo lile lile kutoka pale pale, huwaambia wasitazame paa na nguzo tu. Watazame na pembeni.

Chukua jengo la nguzo nne lililo njiani kuelekea bandari ya zamani. Picha yake ya kale niliipata kwa mzee mmoja Mhindi alipofunga studio yake na kuniachia sanduku zima. Nguzo nyeupe, baraza pana, mabati mapya, barabara imefagiwa hata jani halionekani. Inapendeza kweli. Lakini ukiikuza, kwenye kona ya kushoto utamwona aliyefagia. Ameketi chini, magoti juu, shati limechanika mgongoni, na juu yake amesimama askari aliyeinua kiboko. Mgongoni mwa yule mfagiaji kuna mistari myeusi ambayo mwanzoni nilidhani ni mikwaruzo ya picha yenyewe. Asubuhi nzima nilikuwa kwenye kompyuta nikijaribu kuisafisha nayo haitoki, mpaka nikaelewa ninachojaribu kufuta ni nini. Nilitukana kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani.

Mwaka jana nilikwenda kulipiga picha yake ya sasa. Kazi hii haina uchawi. Unatafuta mahali aliposimama mpiga picha wa kwanza, unasogea mbele na nyuma mpaka ukingo wa nguzo ya mwisho uguse pembe ya paa la nyuma, kama ilivyo kwenye picha ya kale. Mahali penyewe palikuwa ukingoni mwa mtaro, kando ya mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani. Tuktuk na malori yalikuwa yanapita bila kukoma, kwa hiyo niliiweka kamera juu ya stendi, nikaitega ipige yenyewe kila baada ya muda mfupi. Baadaye ningechagua picha ambayo barabara iko wazi.

Kijana mmoja mwenye fulana ya manjano alikuja na pikipiki, akaiegesha barazani, akaegemea nguzo ya pili na kuanza kula mahindi ya kuchoma. Nilikereka kwamba ananiharibia nguzo. Alipomaliza alipanda pikipiki, akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta ufunguo. Alitafuta sana. Mtu aliyekuwa upande wa pili akamwuliza ile pikipiki ni ya nani. Akajibu ni ya mjomba wake, huku bado anajipapasa.

"Jakuo!" mtu akapaza sauti kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili. "Mwizi wa nduthi!"

Sijui wale watu walitoka wapi. Barabara ilikuwa na watu wanaochagua nyanya, na ghafla wote walikuwa na mawe. La kwanza lilimpata shingoni. Alishuka, akainua mikono akisema, "Ngojeni, ngojeni nitafute," na mwingine akampiga ubao mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika. Niliiacha kamera, nikakimbilia katikati nikipiga kelele kwamba nimemwona kwa macho yangu akija na pikipiki hiyo. Nilimshika mmoja shati, nikamng'ata mwingine mkono. Kiwiko kikaniingia mdomoni, nikatupwa ndani ya mtaro wa maji machafu, na mtu akanikanyaga vidole akipita. Kutoka pale mtaroni niliona miguu, na ile fulana ya manjano ikibadilika rangi. Mwanamume mmoja aliyevaa suti alimpa mkewe Biblia amshikie, kisha akainama kuchagua jiwe. Waliendelea kumpiga hata alipoacha kusogea, na waliokosa nafasi ya kupiga walisimama wakirekodi kwa simu.

Jioni mdogo wangu wa kiume alirudi kutoka kazini akanikuta nimevimba mdomo. Huyu nimemlea mimi tangu mama yetu afariki. Anaendesha bodaboda, stendi yake iko hapa Kondele, na tunaishi pamoja nyuma ya studio yangu. Alichemsha maji ya chumvi, akanipanguza damu taratibu.

"Nani amekugonga, sista?" akaniuliza. "Nionyeshe tu. Nitamvunja hiyo mkono."

Nilimwegemea begani nikalia. Nilimshukuru Mungu kwamba nyumbani kwangu kuna mtu mpole.

Kesho yake habari zikaenea. Ufunguo ulikuwa umedondoka kwenye maganda ya mahindi, pale pale chini ya nguzo. Pikipiki ilikuwa ya mjomba wake kweli. Watu walitikisa vichwa, wakasema ni bahati mbaya, wakarudi kuchagua nyanya. Nilitamani kuwazaba vibao mmoja mmoja.

Wiki kadhaa sikuigusa ile kazi. Nilipoifungua kwenye kompyuta nilikuta kamera haikukoma kupiga hadi mtu alipoiangusha kando ya mtaro, nilipokuja kuiokota. Nikailaza picha ya sasa juu ya ile ya kale, nikaikuza ili ufa wa nguzo ya pili ukae juu ya ufa wake wa zamani. Kando ya ufa kulikuwa na koti la bodaboda. Juu ya koti, helmeti imesukumwa nyuma, na chini ya helmeti uso wa mdogo wangu. Mdomo uko wazi. Mikono yote miwili iko juu ya kichwa, imebeba jiwe ambalo mtu mwingine angehitaji toroli kulisogeza. Miguuni pake kuna kitu cha manjano. Niliifunga picha ya sasa, nikabaki nikiitazama ya kale, kwa sababu angalau kwenye ile anayepiga simjui.

Nilimwonyesha alipokuja kula mchana. Alitazama mara moja tu.

"Futa."

"Nifute nini?"

"Futa hiyo kitu, sista. Kila mtu alipiga. Mimi nilifika mwisho, huyo jamaa alikuwa ameshaenda."

"Kama alikuwa ameshakufa, jiwe lilikuwa la nini?"

Aliruka kunyakua kamera, nami nikamchapa mkononi kwa mguu wa stendi ya kamera, nikasikia mfupa ukilia. Tukapigana kama watoto, ila sasa ana nguvu kuliko mimi. Alinisukuma kwenye kabati, akaibamiza kamera ukutani mara mbili, akaikanyaga kwa buti mpaka kioo kikawa unga. Kisha akaketi sakafuni akishika mkono wake na kulia. Hakujua kwamba picha zote zilikuwa tayari kwenye kompyuta, nami sikumwambia. Siku zilizofuata nilimpakulia chakula kama kawaida. Kila asubuhi niliamka nikisema leo nakwenda polisi, na kila asubuhi nikimsikia akikohoa bafuni nilibandika chai yake badala ya kutoka.

Ndipo mama wa marehemu alipokuja. Alipanda gari kutoka Pap Onditi asubuhi, akaelekezwa na yule mama wa omena. Alisimama mlangoni na mkoba wake, kitambaa cheusi kichwani.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "nimesikia wewe ulikuwa unapiga picha ile siku."

Kwetu mtu hazikwi bila picha yake mbele ya jeneza. Akanieleza kwamba mwanawe hakuwa na picha yoyote zaidi ya ile ya kitambulisho. Waliikuza hadi uso ukawa kama moshi, wakaiweka kwenye fremu, na wageni wakauliza ni nani.

"Kwa simu za watu mtoto wangu iko chini tu," akasema. "Natafuta moja yenye amesimama."

Nilimwekea kiti mbele ya kompyuta. Nikamfungulia picha za mwanzo, mwanawe ameegemea nguzo, mahindi mdomoni, jicho moja limefinywa kwa jua. Alicheka. Aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Huyu na mahindi!" akasema, akacheka tena, mwili wote ukatetemeka.

"Nitakusafishia hii, mama. Nitakutolea kubwa."

"Endelea."

"Hizo zingine usitazame."

"Nyara, mimi ndiye nilimwosha. Nini iko hapo sijaona?"

Nikaendelea kubonyeza. Alitazama jiwe la kwanza, ubao, mikono, bila kupepesa. Ilipofika ile picha nilitaka kuiruka haraka, lakini kidole kikakataa. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Ngoja. Huyu." Akapumua. "Huyu alikuja kwangu kwa matanga. Alikuja na watu wa nduthi, akaanguka kwa jeneza akalia mpaka wakamshika. Nilimwonea huruma. Nikampa chai na hii mkono yangu. Akaniita mama." Akanigeukia. "Unamjua?"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa limefika kooni.

"Ni ndugu yangu, mama. Tumbo moja."

Niliona aibu hata ya kupumua mbele yake.

"Anakaa wapi?"

"Hapa. Saa saba anakuja kula."

Aliinuka, akakigeuza kiti kikaelekea mlangoni, akaketi na kupakata mkoba wake.

"Basi nitamngoja," akasema.

Nikazima simu yangu, nikaiweka mapajani pake, nisije nikamwonya mdogo wangu.