Iodini Hakai Kiti cha Kwanza

Kufundisha kemia najua, wala sioni haya kusema. Lakini mwaka jana, katika shule moja ya Tororo, lilikuwa limebaki somo moja la kukaguliwa: ama nipewe ajira ya kudumu, ama nifungashe virago nirudi kwetu Busia. Mkaguzi alikuwa mkuu wa shule mwenyewe, mzee wa Merikit asiyecheka ovyo.

Mada ilikuwa kuipa majina misombo ya kaboni iliyojifunga duara, yenye klorini, bromini na ndugu zao. Wiki nzima nilifundisha kwa chungu cha ajono, ile pombe yetu ya ulezi. Kaboni sita ni watu sita waliozunguka chungu, kila mmoja na mrija wake. Wageni, yaani klorini na ndugu zake, wakija, tunahesabu viti ili wao wapate namba ndogo. Walielewa upesi, na kichwa changu kikavimba.

Siku ikafika. Mkuu kaketi nyuma na daftari lake. Nikachora duara, bromini hapa, iodini pale, kaboni moja katikati yao.

"Jina?"

Darasa zima kwa sauti moja: "Moja-iodo-tatu-bromosikloheksani!"

Lo! "Kwa nini iodini awe wa kwanza?"

"Mwalimu, si ndiye mzito? Ndiye mzee. Kwenye chungu mzee anakaa kwanza."

Kosa hilo hulipati kwingine, na lilikuwa langu. Nikasema waziwazi: "Nimewapotosha mimi. Namba zikilingana pande zote mbili, tunafuata alfabeti. Bromo ndiyo moja. Ukubwa hauhesabiwi."

Mkuu akainua uso. "Chungu gani hicho, mwalimu, ambacho mzee anakaa wa pili?"

Aliyesimama kumjibu ni mama wa watoto wawili aliyerudi shule, mkubwa kuliko wote darasani, jina lake linaanza na W. "Mkuu, ni kama rejista. Mimi ndiye mkubwa wao hapa, na kila asubuhi naitwa wa mwisho."

Darasa likaangua kicheko. Mkuu naye, jamani, akacheka, kisha akatia sahihi nipewe ajira.

Kesho yake, kwa shukrani, nilianza rejista na jina lake. Hakuitika.

"Mwalimu," akasema, "jana ulisema ukubwa hauhesabiwi. Anza na A."