Utando Usiotakiwa Kukauka

Miaka ile ya soko huria, maduka ya Dodoma yalijaa vichujio vya kutoka nje, nami nikang'ang'ana maabarani na utando wangu mwembamba wa kuondoa chumvi kwenye maji ya visima. Ukikauka tu, umeharibika, kwa hiyo sikutulia popote. Hata harusini Kondoa niliacha pilau nikawahi basi la kurudi kuulowesha.

Siku maji ya bomba yalipokatika mji mzima, nilikwenda nyumbani kuchukua ndoo ya maji ya kunywa.

"Baba watoto," mke wangu aliuliza mlangoni, "huo utando unywe kabla ya wanao?"

"Nahangaika kwa ajili yao!" nilifoka.

Akanipisha. Lakini kwanza alichota kikombe kimoja, akakificha nyuma yake.