Majiko ya Wilhelmina

Miaka ile pamba ilipoanza kununuliwa na yeyote mwenye lori, kuni zilikuwa zimekwisha vijijini Magu, watu wakawa wanapikia samadi ya ng'ombe iliyokauka. Samadi inawaka vizuri, ila moshi wake unawasha kama pilipili. Vikongwe walioshinda jikoni kutwa macho yao yaliiva. Na pale kijijini, kikongwe mwenye macho mekundu alihesabiwa mchawi, hapakuwa na mjadala.

Wilhelmina, mjane wa makamo, alikuwa amejifunza parokiani Mwanza kujenga majiko ya udongo wa kichuguu yenye bomba la kutolea moshi nje. Aliwajengea vikongwe bure. Shukrani yake ilikuwa kuitwa mama masizi. Wenye nyumba walimlaumu kwa kuwatobolea kuta. Wengine walidai ugali umepoteza ladha. Kuzibua mabomba nako alirudi mwenyewe, kichwa ndani ya jiko, maana hakuna aliyejisumbua. Siku nyingine alichoka, akaapa kuachana nao, wafie mbali huko, na moshi wao. Kesho yake alikuwa njiani na ndoo ya udongo. Mama yake mzazi aliuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na yeye ndiye aliyekuwa akimkokea moto ule wa samadi.

Kisha mtoto wa Masalu akafa kwa homa. Masalu alikwenda kwa mganga, akarudi, na maneno ya mganga yakamtangulia kijijini: adui ni mwanamke, anaishi peke yake, macho yanamwaka. Jirani wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, Bibi Kashindye.

Wilhelmina aliogopa, lakini alikwenda kwa bibi huyo. Alimjengea jiko, akayatupa mafiga ya zamani, akawa anamwosha macho kwa maji ya chumvi, maana dawa ya zahanati sasa ilikuwa ya kununua. Taratibu wekundu ukapungua. Akawa anamtembeza kisimani na kanisani mchana kweupe.

"Mtazameni," aliwaambia watu. "Ulikuwa moshi tu."

Walitazama, wakaendelea na safari zao.

Alasiri moja Wilhelmina alikuwa akizibua bomba la bibi aliposikia hodi. Alikuwa Masalu.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia.

Masalu aliinama, akayachunguza macho ya Bibi Kashindye. Yalikuwa meupe. Wilhelmina alijawa na furaha ambayo hakuwa ameionja miaka mingi.

"Umejionea mwenyewe," alisema.

"Nimeona." Masalu akamgeukia yeye, aliyekuwa ametoka tu jikoni, machozi yakimchuruzika kwenye masizi. Alimtazama kwa muda mrefu. "Na wewe, mama, bado unaishi peke yako?"

"Peke yangu."

"Haya," alisema Masalu, akaondoka.

Bibi Kashindye alimshika Wilhelmina mkono. "Mwanangu, macho yako."

Wilhelmina aliinamia ndoo ya maji na kujitazama. Miaka yote ya kuingiza kichwa kwenye majiko ya watu ilikuwa pale, myekundu. Yalikuwa macho ya mama yake.

"Kesho usiende kumjengea Suzana jiko," bibi alisihi.

"Suzana bado anapikia mafiga," alijibu.

Akamimina maji kwenye udongo, akaanza kuukanda. Siku zote alikanda akiwa ameupa mlango mgongo. Safari hii alihamisha kigoda, akakaa akiutazama mlango.