Baiskeli ya Mbao ya Cucu Bilha

"Cucu, na breki ilikuwa wapi?"

Nilimuuliza hivyo Agosti ya mwaka 2004, nikiwa darasa la tano, tumekaa nyuma ya ghala lake la mahindi huko Kiminini, karibu na Kitale. Alikuwa ameshika panga mkono mmoja na kipande cha mti mkono mwingine. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu, kisha akasema, "Nasimiyu, nenda uangalie kama maziwa yamechemka."

Maziwa yalikuwa hayajawekwa hata motoni.

Bilha Wangechi ni mama yake mama yangu. Sisi tunaishi Kanduyi, Bungoma, na kwa kina baba ni Bumula, kwa hivyo Bumula tuna Kukhu na Kitale tuna Cucu, kila bibi kwa lugha yake. Likizo ya Agosti ni ya Cucu. Mwaka huo tulikuwa wawili, mimi na ndugu yangu Zachary, ambaye alikuwa na miaka tisa na mdomo wa mtu wa arobaini.

Yote yalianza na betri. Televisheni ya Cucu ilitumia betri ya gari, na siku ya pili betri ikaisha moto. Zachary akalala chali kwenye baraza akasema hapa hakuna kitu cha kufanya, kabisa.

Cucu alikuwa akichambua maharagwe. Akacheka. "Hakuna kitu? Sisi tukiwa kama nyinyi tulikuwa na baiskeli ya mbao."

Alizaliwa mwaka 1941 kwenye shamba la mzungu, upande huo huo wa Kitale. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri, na baba yake alikuwa akikamua ng'ombe. Walikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, zile zilizopangwa mstari mmoja, na nyuma yake kulikuwa na mteremko ulioshuka hadi mtoni. Kaka yake Ngige ndiye aliyechonga baiskeli hiyo: mti wenye panda, usukani wa fimbo, na magurudumu mawili yaliyokatwa kwa gogo.

"Mlikuwa mnateremka mpaka wapi?" Zachary akauliza, tayari amekaa.

"Mpaka mtoni."

"Na ilikuwa na kasi?"

"Wee. We acha tu."

Halafu akatusimulia jinsi udongo ulivyoteleza baada ya mvua, jinsi usukani ulivyochoma hapa, akajishika bega la kulia, na jinsi kulikuwa na jiwe kubwa katikati ya kilima ambapo mtu alipumzika kabla ya kumalizia. Aliongea mpaka maharagwe yakaanza kumwagika kwenye ungo.

"Nitawatengenezea," akasema. "Kabla mrudi Bungoma Jumamosi, mtateremka nayo hapo chini ya shamba. Ndiyo mjue Cucu wenu hakuzaliwa mzee."

Jumatatu alikata mti wa blugamu, duara mbili nzuri. Akawasha moto mwenyewe, akaweka chuma ndani mpaka kikawa chekundu, akakisukuma katikati ya gurudumu ili kutoboa tundu. Moshi ukatoka, sisi tukashangilia, na gurudumu likapasuka vipande viwili. Akakata lingine. Nalo likapasuka. Jumanne yalipasuka matatu.

Jirani yake Rotich alikuwa akipita na mikebe ya maziwa kwenye baiskeli yake. Akasimama. "Mama Wacuka," akasema, akimwita kwa jina la mama yangu, "hiyo si ni blugamu? Hiyo hupasuka hata ukiiangalia vibaya."

"Rotich, maziwa yako yanaharibika."

"Nasema tu."

"Nenda ukaseme huko kwa dairy."

Jumatano alitupeleka mjini kununua misumari mirefu kwa Amarjit, mzee wa hadiwea ambaye amemuuzia majembe tangu mama yangu akiwa mtoto. Cucu akamchorea baiskeli kwa kidole kwenye kaunta. Amarjit akaitazama kaunta kwa muda.

"Mama Bilha, chukua wilbaro."

"Sitaki wilbaro."

"Wilbaro iko na gurudumu moja tu. Haisumbui. Watoto wanaingia ndani, wewe nasukuma."

"Nimesukuma vya kutosha," Cucu akasema, akachukua misumari yake bila kungoja karatasi ya kufungia.

Tuliporudi tulikuta Rotich ameacha kigogo kikavu mlangoni, kipande cha nguzo ya zamani ya boma lake la ng'ombe. Cucu hakusema asante wala hakukitupa. Alhamisi chuma kikapita, na gurudumu halikupasuka. La pili pia. Mimi nilidhani shida imeisha, kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Kazi ya moto aliijua vizuri sana, lakini gurudumu la mbele lilifungwaje ili likate kona? Alifunga huku, akafungua. Akafunga kule, akafungua. "Ngige alikuwa anaweka hapa," akasema. "Au hapa. Ngojeni." Msumari ukapinda, akaunyoosha kwa jiwe, ukapinda tena. Hapo ndipo nilipomuuliza habari ya breki, na akanituma kwa maziwa.

Ijumaa tukaipeleka chini ya shamba. Zachary akaipanda, mimi nikamsukuma. Ilikwenda hatua nne. Gurudumu la mbele likageukia pembeni, na Zachary akaingia kwenye mahindi kwa kichwa.

Akatoka akipangusa magoti. "Cucu, si wewe upande kidogo utuonyeshe?"

"Mimi ni mzee."

"Kidogo tu. Sisi tutakushika."

"Nimesema mimi ni mzee, Zachary."

"Juzi ulisema hukuzaliwa mzee. Ati mpaka mtoni. Cucu ulitubeba ufala, bana."

Nilimfinya mpaka akalia, lakini neno lilikuwa limeshatoka: Cucu ametufanya wajinga. Cucu aliichukua baiskeli ile, akaipeleka nyuma ya ghala, tukasikia shoka. Githeri ya siku hiyo, mahindi na maharagwe, ilipikwa kwa magurudumu. Jumamosi alitupatia gunia la mahindi mabichi, akatusindikiza mpaka kwenye lango, akaanza kugombana na komeo lililokuwa limekwama. Tulipogeuka kumpungia mkono bado alikuwa akiligonga.

Miaka iliyofuata hakuna aliyeitaja. Niliwahi kujaribu mara moja, nikatumwa kutafuta kuku ambaye hakuwa amepotea.

Aprili mwaka huu, 2009, tumerudi. Mimi niko kidato cha pili. Zachary ana miaka kumi na minne na anashinda kwenye gereji moja Kanduyi kila Jumamosi. Alikuja na baiskeli ya mbao aliyoiunda mwenyewe, ya magurudumu ya bearing, zile pete za chuma za gari. Mimi namjua, hakuileta kwa upendo. Aliileta kuonyesha kwamba inawezekana.

Cucu aliizunguka mara mbili. "Hii ina chuma," akasema, kama mtu aliyekamata mwizi.

"Lakini inaenda, Cucu."

Na ikaenda. Mvua ilikuwa imechelewa na njia ya chini ya shamba ilikuwa ngumu kama sakafu. Zachary alishuka mpaka kwenye ua wa Rotich, akakanyaga kipande cha tairi alichopigilia nyuma juu ya gurudumu, akasimama. Akapiga mluzi ili niende kumsaidia kubeba.

Sijainuka vizuri, Cucu alikuwa ameshanipita. Ana miaka sitini na minane na goti lake la kushoto humsumbua, lakini aliteremka haraka, bila kututazama. Alipofika akainama, akaitupia begani kwa mkupuo mmoja, usukani nyuma ya shingo, mkono mmoja umeshika panda, akaanza kupanda akiwa ameinamia mbele. Katikati ya kilima alisimama akapumua, mahali pasipokuwa na jiwe lolote. Zachary alitembea kando yake mikono mitupu.

Alipofika juu hakuitua. Aliihamishia bega la pili.

"Cucu," nikasema, "ile ya Ngige, breki ilikuwa wapi?"

Alichukua muda kupata pumzi.

"Wasichana walikuwa hawapandi, Nasimiyu. Ngige akifika mtoni anapiga mluzi, mimi nashuka kwa miguu naenda kuichukua. Breki mimi sijui."