Aliyeshitakiwa Ndiye Hakimu

Juzi mahakamani Lushoto, mzee wa Kiarabu mwenye duka Magamba aliendesha kesi yake mwenyewe, bila wakili. Mwaka wa pili sasa anamwombea mkewe kibali cha kuja kutoka Yemen, na ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, haimjibu.

"Unamshitaki nani?" hakimu akauliza.

Mzee akaweka mkono kifuani. "Samahani, bwana. Nakushitaki wewe."

Kweli, Bwana Shauri wetu ndiye pia hakimu. Akaandika amri: Bwana Shauri amjibu mzee leo hii. Akaita kesi nyingine.

Mzee akazunguka mbio hadi mlango wa ofisi, jengo lile lile.

"Shikamoo, mzee," karani akasema. "Bwana Shauri hayupo. Yuko mahakamani."

Mimi nilikuwa nimemfuata kutoka mahakamani; mzee akaniuliza aende mlango upi. Msomaji, ukijua mwambie. Nilimwacha amesimama uani.