Batchoy ya Tambi za Choroko

Purificacion Hinolan, ambaye soko zima la mtaa wa La Paz lilimwita Nang Puring, yaani Dada Puring, alikuwa akipika batchoy, supu ya tambi yenye ini, moyo na uboho, tangu usichana wake, na kuna jambo moja ambalo hakuwahi kulitilia shaka. Tambi za batchoy ni miki, zile nene za ngano zenye rangi ya manjano, na za kwake zilikandwa na shemeji yake Romulo katika kibanda nyuma ya soko. Ini likiadimika alizidisha moyo. Uboho ukikosekana mteja alinung'unika, akala. Tambi hazikuguswa.

Mwaka ule wa mvua nyingi Romulo aliumia mgongo, akaacha kukanda. Asubuhi iliyofuata Nang Puring alisimama mbele ya sufuria ya supu inayotokota, hana cha kutia bakulini. Akavuka kwa muuza nafaka, akarudi na mafungu ya sotanghon, tambi za choroko, nyembamba kama uzi, ambazo zikiiva hung'aa kama kioo.

Mteja wa kwanza alikuwa Nong Teryo, yaani Kaka Teryo, dereva mstaafu mwenye maneno mengi. Aliinamia bakuli akalikagua.

"Puring, tambi zimeenda wapi?"

"Zimo humo."

"Ini naliona, yai naliona. Tambi sizioni. Au macho ndiyo yameanza kuniaga?"

"Kula, Nong. Ukishiba ndipo unitukane."

Akala. Akaomba aongezewe mchuzi, akaunywa wote, akajipangusa mdomo. "Haya," akasema, "sasa niletee batchoy."

Nang Puring hakujua kama ametaniwa au amesutwa. Muuza samaki mmoja alisema ya leo ni tamu kuliko ya jana, kisha, kabla hajainuka, akasema ameikumbuka ya jana. Mwingine aliacha nusu bakuli akaondoka amenuna. Mchana akarudi kuagiza ileile.

Wateja walipopungua alijipakulia, akaketi upande wao wa meza. Mchuzi ulikuwa wake, aliujua kama sauti yake mwenyewe. Lakini tambi zilikuwa zimeunywa, na kila tonge lilimletea kitunguu saumu na uboho kwa pamoja, jambo ambalo miki haikuwahi kumfanyia. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomsumbua. Akaendelea kula akingoja kosa lijitokeze. Halikujitokeza. Akaosha bakuli haraka, kama mtu aliyefanya jambo asilotaka lionekane.

Jioni akampelekea Romulo, mchuzi mbali na tambi mbali. Shemeji alikuwa amelala kwenye mkeka. Akajiinua kwa kiwiko, akala taratibu, uso umekunjamana. Nang Puring hakuweza kujua ni mgongo au ni chakula.

"Tamu," akasema hatimaye.

"Usinifurahishe, shemeji."

"Sikufurahishi. Ningependa iwe mbaya." Akachota tena. "Ila hii si batchoy."

"Ni nini basi?"

Romulo akafikiri. "Sijui. Kila kitu cha batchoy kimo."

"Isipokuwa tambi."

"Tambi ni kitu kimoja tu," akasema, kisha akaonekana kushangazwa na maneno yaliyomtoka, yeye aliyetumia maisha yake kukanda hicho kitu kimoja.

Mgongo ulipopata nafuu akarudi kukanda, kidogo kidogo. Nang Puring akadhani mambo yamekwisha, lakini watu wakaanza kuulizia "ile nyingine". Hawakuwa na jina la kuiita, na yeye hakuwapa. Tangu hapo akawa anaweka beseni mbili za tambi kando ya sufuria moja. Mgeni akiuliza batchoy yenyewe ni ipi, humwonyesha ya miki bila kusita. Zamu yake ya kula inapofika, husimama na bakuli tupu mkononi, akitazama beseni hii, akitazama ile, mpaka supu inaanza kufurika.