Kichwani Hamna Kitu

Binti yangu wa pili wanamwita Mkasi, na si kwa ajili ya ulimi, ingawa nao unakata. Ni fundi wa kukata vitambaa. Mpe jora zima, fumba macho. Ukifumbua, sare thelathini za shule zimepangwa, na vipande vilivyobaki havitoshi kumfuta panya pua. Mimi nimemwona akikata kola huku anakoroma. Anayebisha aje.

Mwaka ule alianza kusikia sauti. Zilimwambia wenzake karakanani wanamcheka. Alilazwa wiki sita, akapewa dawa, sauti zikafifia zikawa kama redio ya jirani. Aliporudi kazini, shemeji yake, mume wa binti yangu mkubwa na mwenye karakana, akautoa mkasi mkononi mwake, akamsogezea ndoo ya vifungo.

"Shemeji, anza na hivi kwanza."

"Vifungo ni vya wanaojifunza. Meza yangu iko wapi?"

"Mtu wa sauti hashiki mkasi. Niletee neno la daktari."

Kumbe hospitali kubwa walikuwa wanatafuta watu, wanaosikia sauti na wasiosikia, wawapige picha za ubongo wawalinganishe. Mkasi akajitolea. "Anataka neno? Nitamletea na picha!"

Nikamsindikiza. Mashine yenyewe ni pipa la sumaku, chuma hakiingii. Muuguzi akaanza kumkagua: pini kwenye kola, pini kwenye pindo, pini kwenye nywele. Kumi na nne!

"Mama, huyu umemzaa au umemnunua duka la vifaa?"

Mimi nilikuwa nje ya mlango, na bado jino langu la chuma lilianza kunikokota kuelekea ndani. Niliponea kwenye benchi, nimelikumbatia kama mume.

Ndani walimwambia alale kimya, wakisema "anza" afanye kwa mawazo tu kazi anayoijua. Akakata koti zima kichwani, na bitana yake, mashine ikigonga kama mafundi bati mia.

Daktari wa picha akatoka anatabasamu. "Mama, ondoa hofu. Kichwani hamna kitu."

Alimaanisha hamna uvimbe. Mimi kwa furaha nikampigia mkwe wangu simu, nikamwambia neno kwa neno. Tulipofika karakanani, cherehani zote zilisimama.

"Debe tupu hilo!" mmoja akapaza sauti. "Daktari mwenyewe kathibitisha!"

Mkasi akanigeukia. "Mama, umesema nini?"

Nimesema uongo mwingi maishani, na haukuwahi kunitia aibu kama ukweli ule mmoja.

Kesho yake alirudi kwa daktari, mimi nyuma yake nimenywea. "Nionyeshe hicho kichwa kisicho na kitu."

Daktari akafungua picha. Ubongo ulikuwa wa kijivu, na madoa mekundu hapa na pale. "Hapa damu iliongezeka ulipokuwa unakata koti lako."

"Na wazimu uko wapi?"

"Picha ya mtu mmoja haituonyeshi hilo. Ndiyo maana tunapiga watu wengi. Bado tunatafuta. Habari ya kazi, muulize daktari anayekutibu."

Mkasi alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari wake wa dawa akaandika mstari mmoja: anaiweza kazi yake, aendelee na dawa.

Shemeji alikuwa kwenye meza ya kukata, ameshaharibu mikono miwili ya mashati. Akausoma ule mstari mara tatu.

"Mashine kubwa kama nyumba imeutafuta wazimu wangu haikuuona," Mkasi akasema. "Wewe, shemeji, umeuona kwa macho matupu. Hospitali wakuajiri."

Wenzake wakaangua kicheko. Safari hii walimcheka mwingine.

"Na sauti zikirudi?" shemeji akauliza, kwa unyonge kidogo.

"Zikirudi nitaweka mkasi chini, nitakwambia, nitakwenda kwa daktari. Wewe hasira zako zikipanda, huwa unamwambia nani?"

Shemeji akanitazama mimi, mama mkwe wake, nimwokoe. Nikatazama dari.

Akauweka mkasi mezani, akasogea kando. Binti yangu hakuugusa.

"Mkononi mwangu uliutoa," akasema. "Nirudishie mkononi."

Akamrudishia, tena kwa mikono miwili.